Krismasi kwa barabara: Dar, Iringa, Tukuyu na daftari la ukoo

Simulizi hii imeunganishwa baada ya kurudi, kutokana na risiti za mafuta, picha za simu na ujumbe wa kundi la WhatsApp la ukoo. Bei zote ni za Desemba 2024. Gari lilikuwa Noah, ndani watu wazima watano na watoto wawili, na mwisho wa safari ni kijiji kimoja wilayani Rungwe, nje kidogo ya mji wa Tukuyu. Ukoo huu hukutana huko kila Krismasi tangu enzi za babu.

Septemba hadi 20 Desemba: mchango

Safari ya Desemba huanza Septemba, pale mchango unapotangazwa. Kila mwenye kipato alipangiwa 60,000 kwa awamu tatu; wanafunzi na wazee hawachangi. Siku ya mwisho iliwekwa tarehe 10 Desemba, na haikuwekwa kwa kubahatisha. Ng'ombe wa laki tisa mwanzoni mwa mwezi anapanda laki nzima au zaidi wiki ya sikukuu, na anayebaki mnadani siku hizo ni yule ambaye wengine wameshamkataa.

Kinachovuruga mchango ni ahadi. Mtu anaandika "niwekeeni, naleta mwenyewe", mwekahazina anahesabu hiyo kama fedha, anakopa soda dukani, kisha tarehe 26 anabaki peke yake na muuza duka. Utaratibu uliosaidia safari hii: bajeti ilipangwa kwa fedha iliyokwisha kuingia tu, na kilichoingia baada ya tarehe 10 kikaenda kwenye mbolea ya shamba la bibi. Tena kila mtu alitakiwa kutuma pamoja na ya kutolea. Vijisenti vya makato, mtu mmoja mmoja huvidharau, lakini kwa watu arobaini ni kreti kadhaa za soda.

Kabla ya M-Pesa kuingia nchini mwaka 2008, fedha ya namna hii ilisafiri kwenye bahasha mkononi mwa kondakta, au haikusafiri kabisa. Nyumba ya babu ndiyo iliyolisha: ng'ombe wa zizini, ndizi za shambani, mchele uliobadilishwa na watu wa Kyela. Mgeni alikuja na sukari na sabuni, na mikono yake.

Jumapili, 22 Desemba: Dar hadi Iringa

Tuliondoka Dar saa tisa na nusu usiku ili kuiacha Kibaha na Chalinze kabla malori hayajajaa. Tangi lilijazwa jijini, kwa sababu bei kikomo ya mafuta hupanda kadiri unavyoacha bandari. Noah iliyopakia ilikwenda kama kilomita kumi kwa lita moja. Hadi Tukuyu ni takribani kilomita 900, basi weka lita 90 kwenda na lita 90 kurudi, kila lita ikikaribia 3,000.

Shangazi ana mgongo mbovu, akapanda treni ya SGR hadi Morogoro, nauli 13,000, tukamchukua stesheni saa mbili asubuhi akiwa ameshakunywa chai. Kwa mzee au mjamzito mpango huu ni mzuri sana: sehemu ya barabara yenye foleni mbaya kuliko zote anaivuka kwa chini ya saa mbili. Kata tiketi mapema tu. Wiki ya Krismasi viti huisha.

Mikumi barabara inapita ndani ya hifadhi kwa kilomita 50. Vibao vya mwendo vifuatwe, na ukigonga mnyama faini yake inahesabiwa kwa dola. Kosa la kawaida la barabarani ni 30,000 kwa namba ya malipo. Ukiombwa mkononi, omba namba.

Ruaha Mbuyuni tulinunua vitunguu vya pilau. Usinunue kwenye gari la kwanza kukufuata dirishani. Shuka, tembea hatua chache hadi kwenye marundo, bonyeza shingo ya kitunguu: ikiwa laini, kimevunwa kabla ya kukauka na kitaoza kabla ya Krismasi, hasa ukikifunga kwenye mfuko wa plastiki. Chukua vya mfuko wa wavu.

Kwenye mlima wa Kitonga tulikwama zaidi ya saa mbili. Lori lilikuwa limekufa kwenye kona, na gari ndogo mbili zilizojaribu kulipita zikakutana uso kwa uso na basi. Utingo wa lori la nyuma yetu aliweka jiwe chini ya gurudumu la Noah bila kuombwa, akamwambia dereva azime injini isichemke, kisha akaenda mbele kupanga magari moja moja pamoja na wenzake mpaka njia ikafunguka. Alikataa fedha, akapokea chupa mbili za maji na andazi. Kwa anayekwenda: kabla ya Kitonga pima maji ya rejeta injini ikiwa imepoa, na uwe na chakula cha watoto garini. Juu ya mlima kuna Ilula na nyanya zake, lakini huwezi kujua utafika saa ngapi.

Iringa tuliingia saa kumi na mbili jioni na mvua. Gesti ya Ipogolo, 35,000 chumba, iliwekwa oda wiki mbili nyuma. Wasioweka oda tuliwaona wakizunguka.

Jumatatu, 23 Desemba: Iringa

Hii siku haikuwapo kwenye Krismasi za zamani. Imezaliwa kwa sababu ukoo umetawanyika kando ya barabara kuu: mmoja Morogoro, wawili Iringa, mwingine Mafinga kwenye mbao, wengine Mbeya mjini. Sio wote wanaofika Tukuyu, kwa hiyo wanaopita wanasimama. Mama mdogo ameolewa Uheheni, nyumba yake iko Kihesa, na chakula cha mchana cha tarehe 23 kwake sasa kinajulikana kama Krismasi ya njiani.

"Kamwene," wakwe zake walitupokea mlangoni. Mezani ugali, kuku wa kienyeji, maharage na mboga za maboga. Nyuma ya nyumba wazee na ulanzi, pombe ya mianzi, ambayo msimu wake ndio huu wa mvua. Dereva asiguse. Ulanzi wa asubuhi ni mtamu na mwepesi, ila unaendelea kuchacha ndani ya chupa, na ukifunga kizibo kikakaza chupa itapasuka garini. Tulishaonywa na mama mdogo, chupa ya baba mkubwa ikafungwa kwa kitambaa.

Kikao hiki kidogo kina faida moja ambayo kikubwa hakina: watu wanaongea. Walikuwa kumi na wanne, na saa nne zilitosha kila mmoja kuulizwa hali ya kazi, ndoa na afya bila kupokezana kipaza sauti. Kibaya chake ni kwamba wenyeji wa njiani hujiona wamemaliza sikukuu. Mama mdogo mwenyewe hakuja Tukuyu.

Hapa ndipo baba mkubwa alipoingia garini, na upangaji wa viti ukawa kazi. Mmoja wa abiria ni mkamwana wake, na kwa mila ya Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawakutani uso kwa uso. Zamani alipaswa kuacha njia na kujificha mzee anapopita. Siku hizi wengi wamelegeza, lakini mlegezaji ni mzee, sio kijana. Tulimweka baba mkubwa mbele, mkamwana kiti cha nyuma kabisa, na kila tulipochimba dawa mmoja alishuka kwanza. Kwa walioolewa kwenye koo hizi wakitokea kwingine: muulize mume au wifi kabla ya kufika, usisubiri kuonyeshwa kwa kukohoa.

Jumanne, 24 Desemba: Iringa hadi Tukuyu

Kuondoka saa kumi na moja alfajiri. Mafinga ukungu, misitu ya Sao Hill, chai ya rangi na chapati kwa 1,500.

Makambako pancha. Siku ya mkesha wa Krismasi nusu ya mafundi wamefunga, lakini kijana mmoja karibu na njia panda ya Njombe alikuwa na pampu. Alitafuta tundu kwa maji ya sabuni, akachoma kijiti, 5,000, kisha akatuonyesha kwamba upepo wa matairi ya nyuma ulikuwa mdogo kuliko mzigo. Gari likipakia watu saba na magunia, tairi za nyuma zinahitaji upepo zaidi ya siku za kawaida. Kwa kawaida kipimo kipo kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni kwa dereva.

Igawa, Chimala, Igurusi, joto la Usangu na mashamba ya mpunga. Mteremko wa Inyala uteremke kwa gia ndogo. Breki zikichemka hapo hakuna pa kwenda.

Uyole tukakata kushoto. Kutoka hapo barabara inapanda safu ya Uporoto, magunia ya viazi mviringo yamepangwa kando, na karibu na Isyonje ukungu ulishuka hadi tukaona taa tu. Sweta ziwe juu ya mabegi, sio chini. Baada ya hapo ni kuteremka Kiwira, migomba na mashamba ya chai hadi Tukuyu, saa kumi na moja na nusu jioni.

Basi la Dar lilikuwa limeshawaleta wengine asubuhi hiyohiyo. Tangu Oktoba 2023 mabasi yanaruhusiwa kusafiri usiku, na hilo limebadilisha mkusanyiko kuliko watu wanavyokiri. Kazini wanatoka tarehe 23 jioni, tarehe 24 wako kwa bibi, tarehe 26 usiku wamerudi kitini. Hawapotezi siku njiani, na kwa sababu hiyohiyo hakuna tena kisingizio cha kubaki.

"Ugonile!" Bibi alitusalimia mmoja mmoja, watoto wakajibu "shikamoo". Chakula kilikuwa mbalaga, yaani ndizi za kupika, na maharage, kisha wenye nguvu wakaenda ibada ya mkesha kwa Wamoravian. Waliobaki wakapanga malazi: wanawake na watoto nyumba kubwa, vijana wa kiume kwenye ghala, kwenye magodoro wamelala mzungu wa nne. Kila familia ije na blanketi zake. Usiku wa Tukuyu unauma hata Desemba.

Jumatano, 25 Desemba: jiko

Hesabu ilikuwa watu 110, pamoja na majirani. Mchele wa Kyela kilo 18, yaani kama gramu 160 kwa mtu, kwa kuwa na ndizi nazo zipo. Nyama ya pilau kilo 20, ya mchuzi na ndizi kilo 25, kichwa na utumbo supu ya asubuhi. Nyama iliyobaki inagawiwa kwa nyumba, na mgawaji awe mzee mmoja anayekubalika; wagawaji wakiwa wawili, ugomvi ni wa uhakika. Vitunguu kilo tano, kitunguu saumu nusu kilo, mafuta lita nne, jira, mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga. Kreti za soda nane. Turubai moja na viti mia vya kukodi, 90,000 pamoja na usafiri.

Pilau la kilo 18 lisipikwe sufuria moja. Katikati hubaki kiini huku chini kukiungua, na ukiongeza maji kuokoa katikati, juu panakuwa bokoboko. Gawanya mara mbili, kilo tisa tisa, supu na maji lita moja na nusu kwa kila kilo ya mchele, na yakikauka punguza moto chini, weka makaa juu ya mfuniko. Mchele mpya unataka maji pungufu. Pika kikombe kimoja siku moja kabla ujue.

Maharage yaliloweshwa tangu jana yake. Huku juu maji yanachemka kabla ya kufikia nyuzi 100, kwa hiyo maharage makavu yanakula muda na kuni kuliko Dar. Na kuni ndizo huangusha shughuli nyingi za Rungwe, sehemu yenye mvua nyingi kuliko nyingi nchini. Kuni za kununua tarehe 23 ni mbichi hata kama zimepasuliwa vizuri: moshi mwingi, moto hafifu, chakula saa kumi jioni. Za safari hii zilinunuliwa Oktoba na kupangwa darini mwa jiko la bibi. Watu walikula saa nane.

Waliopika ni wakamwana, kama siku zote. Mchango umebadilika, usafiri umebadilika, lakini aliyeamka saa tisa usiku kumenya vitunguu ni yuleyule. Safari hii fungu la 120,000 liliwalipa akina mama wanne wa jirani kuosha vyombo na kuchota maji, na wavulana wa miaka kumi na kuendelea walipewa ndizi za kumenya, mikono imepakwa mafuta utomvu usinate. Wazee wawili waliguna. Ndizi ziliiva hivyohivyo.

Alhamisi, 26 Desemba: kikao na daftari

Kikao cha ukoo hufanyika asubuhi, kabla watu hawajaanza kutafuta basi. Ajenda zilikuwa nne: hesabu, makaburi, shamba, mwenyeji wa mwakani. Hesabu isomwe kwanza, risiti zikiwa mezani. Ikisomwa mwisho watu wanasikiliza huku wameshika mabegi.

Kilichotuchelewesha ni daftari. Bibi alitoa kauntabuku la babu, jalada limeliwa na mende, na baba mkubwa akaanza kusoma kwa sauti. Kurasa za mwanzo zina safu tano: jina, siku ya kufika, siku ya kuondoka, alichokuja nacho, na sehemu aliyopalilia. Watu wanafika katikati ya Desemba, wengine kwa treni ya TAZARA hadi Mbeya na mzigo wa mafuta ya taa, na wanaondoka baada ya mwaka mpya. Krismasi huku inaangukia palizi. Mahindi yamepandwa na mvua za Novemba na magugu hayasubiri sikukuu, kwa hiyo mkusanyiko ulikuwa pia nguvu kazi: asubuhi majembe, mchana kula, jioni hadithi na kimpumu, pombe ya ulezi. Babu aliandika hata aliyepalilia vibaya.

Mbele kidogo safu ya palizi inabaki wazi kwa baadhi ya majina, na penye "alichokuja nacho" panaandikwa shilingi. Kurasa za karibuni, kwa mwandiko wa mjukuu, zina jina, namba ya simu, kiasi. Siku ya kufika na kuondoka hazipo tena. Labda hakuna aliyeona haja, wote hufika na kuondoka pamoja. Palipokuwa na palizi pameandikwa "vibarua".

Mjomba mmoja alitaka safu ya palizi irudishwe. Wajukuu wakacheka, kisha mmoja akauliza kwa adabu kabisa: likizo yenyewe siku tano, ada za Januari zinasubiri, nani apalilie? Hakuna aliyemjibu vizuri. Kilichoamuliwa ni cha katikati: mchango wa shamba utenganishwe na mchango wa sherehe, kwa sababu vikiwa kapu moja soda hushinda mbolea kila mwaka, na anayeweza kubaki hadi tarehe 28 abaki kwa kazi.

Kuhusu mbolea, jambo moja la kuzingatia kwa watoto wanaotuma fedha nyumbani: mbolea ya ruzuku inauzwa kwa mkulima aliyesajiliwa, kwa namba yake ya mkulima. Ukitaka kumnunulia mzazi, hakikisha amesajiliwa na laini ya simu yake iko hai. Laini ya bibi ilikuwa imefungwa kwa kutotumika, na siku nzima ya tarehe 27 mjukuu mmoja aliimalizia mjini Tukuyu kuirudisha. Kiwango cha kukadiria ni mfuko mmoja wa kilo 50 wa kupandia na mmoja wa kukuzia kwa ekari. Wa kukuzia uwekwe mahindi yakifika magotini, udongo ukiwa na unyevu, baada ya palizi. Ukitangulia palizi, umelisha magugu.

Jioni basi la usiku liliondoka na watu kumi na saba.

Ijumaa na Jumamosi, 27 na 28 Desemba: shamba

Tulibaki tisa. Vibarua wawili kwa 50,000 ekari, nasi tukafuata mistari yao. Watoto wa Dar walidumu hadi saa tatu asubuhi, wakahamia kazi ya kubeba maji, ambayo waliipenda kwa sababu mfereji uko mbali na macho ya wazazi. Jirani ambaye hakuwa amealikwa rasmi alikuja na jembe lake, akapalilia mistari sita akiongea Kinyakyusa na bibi, akanywa chai, akaondoka. "Ndaga fijo," asante sana, bibi akamwambia. Kumlipa ingekuwa kumtukana, alipelekewa nyama.

Makaburi yalisafishwa Jumamosi asubuhi. Saruji mifuko mitatu ilitosha kuziba nyufa za matatu, kokoto zilikuwepo. Saruji isimwagwe mvua ikikaribia bila turubai la kufunika. Ya mwaka juzi ilisombwa usiku uleule.

Jumapili, 29 Desemba, na kurudi

Kurudi tulipakia ndizi mikungu miwili, mchele kilo 40, parachichi na maziwa mgando kwenye ndoo. Ndizi zikae juu ya vyote, na parachichi zichaguliwe ngumu kama mawe, la sivyo Mikumi zitakuwa uji. Kitonga kuteremka ni gia ya pili tangu juu kabisa. Tulilala Morogoro, 40,000, na Dar tuliingia Jumatatu kabla ya saa nne asubuhi. Walioondoka Mbeya tarehe 2 Januari walituambia walikaa Kibaha pekee saa tatu.

Mwenyeji wa mwakani ni nyumba ya Iringa, kwa mara ya kwanza. Bibi amekubali kwa sharti kwamba wanaotaka kufika kwake wafike kabla ya tarehe 20, wakati wa palizi. Kwenye kundi wameshajiandikisha wanne, na mwekahazina anauliza kama nauli yao itoke kwenye mchango wa shamba au wa sherehe.